Kula, Shemeji

Siku Badri alipoambiwa kwamba ini lake ni zuri, alimwomba daktari aandike.

"Niandike nini?" aliuliza Daktari Inga.

"Hivyo hivyo ulivyosema. Kwamba ni zuri. Halafu ugonge mhuri."

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kumwambia kwamba ana kitu kizuri. Shule ilimrudisha nyumbani, kiwanda cha chuma kilimrudisha nyumbani, na mke alirudi kwao mwenyewe bila kurudishwa. Aliishi chumba cha chini katika nyumba ya mdogo wake, Malkhazi, nje kidogo ya mji wa Zestaponi, pamoja na mapipa ya divai na baiskeli iliyokosa gurudumu. Akiulizwa anafanya kazi gani, alijibu kwamba anangojea kazi, na kwa kweli hiyo aliifanya kwa bidii.

Sasa alikuwa amekaa Tbilisi, mji mkuu, katika chumba cha daktari wa maini ya watoto, na familia nzima ilikuwa inamtazama kama vile ndiyo kwanza ameingia duniani.

Mwenye shida alikuwa Tekle, binti wa Malkhazi na Shorena, miezi kumi na moja. Alizaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba. Walimpasua akiwa na miezi miwili, haikusaidia. Alikuwa wa manjano mpaka weupe wa macho, tumbo limevimba, miguu kama vijiti, na mikono yake Shorena alikuwa ameishonea vifuko vya kitambaa kwa sababu mtoto alijikuna mpaka akatoka damu. Kilichobaki ni kipande cha ini la mtu mzima, na mtu huyo awe ndugu. Ini lina tabia moja nzuri ambayo watu hawana: likikatwa, hukua tena.

Shorena alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono; damu yake haikuoana na ya mwanawe. Dada yake, aliyekuwa Bari akimwogesha bibi kizee wa Kiitaliano, alipimwa huko huko. Hadithi ile ile. Lamzira, mama yao Malkhazi na Badri, alikuwa na miaka sitini na nane na moyo unaoruka mapigo. Ikabaki zamu ya baba.

"Lako lina makovu," Daktari Inga alimwambia Malkhazi. "Ni homa ya ini. Vidonge vilikuponya, lakini makovu hayaondoki. Ulikuwa unajidunga ujanani?"

Malkhazi akatazama vigae vya sakafu. Mama yake alikuwa amekaa kushoto kwake, mkewe kulia.

"Ni daktari wa meno," alisema Lamzira haraka. "Alimng'oa jino akamdunga sindano chafu. Mimi nilikuwepo."

Daktari Inga aliandika kitu, hakubisha. Kila mama wa rika la Lamzira kwetu anamfahamu daktari wa meno huyo. Kama angekuwepo kweli, mtu mmoja angekuwa ameng'oa meno ya nusu ya vijana wa mkoa wetu wa Imereti.

Basi akabaki Badri, aliyekuja kwa ajili ya kubeba mizigo tu. Damu ikaoana. Mishipa ikakubali. Ini likawa zuri.

"Sikilizeni wote," alisema Daktari Inga. "Mtoto ana maambukizi kifuani, lazima kwanza yaishe. Na kamati lazima ikae. Tutafanya baada ya wiki sita. Ini la huyu bwana leo lina mafuta asilimia nane. Nalitaka hivyo hivyo. Asinywe hata tone. Asinenepe. Mafuta yakipita asilimia kumi na tano, simpasui. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa," walisema.

Na walielewa. Hawakuwa watu wajinga. Lamzira alifundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na mbili. Asilimia alizijua kuliko majina ya wajukuu wa jirani.

Lakini walirudi nyumbani, na nyumbani kuna meza.

*

Katika meza ile Badri alikuwa na kiti chake: cha mwisho, karibu na mlango, mahali anapokaa mtu wa kutumwa kuleta mkate. Jioni waliyorudi, jirani yao Jumberi, ambaye ndiye mwongoza meza wa mtaa mzima, mtu wa kutoa hotuba kila glasi inaponyanyuliwa, kwenye harusi na kwenye matanga, alimshika mkono Badri, akamwinua na kumpeleka kichwani mwa meza.

"Mimi? Hapa?" alisema Badri. "Na mkate ataleta nani?"

"Mkate utakuja wenyewe," alisema Jumberi.

Watu walikuja kumi na wanane, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Jumberi alisimama na glasi. "Jamani. Watu wanatoa fedha. Watu wanatoa shamba. Watu wanatoa ushauri, mimi mwenyewe nautoa bure kila siku, hamuutaki. Huyu anatoa nyama ya mwili wake. Badri, miaka ishirini nimekuita mvivu, na leo hii najirudi mbele ya mama yako."

Badri alifunika glasi yake kwa kiganja. "Nisameheni. Nimekatazwa."

Meza nzima ikamtazama kwa heshima. Mwanamume wa Imereti, mbele ya divai ya zabibu alizozikanyaga mwenyewe, anafunika glasi. Wanawake wawili walifuta macho.

"Hanywi?" alisema Jumberi. "Basi ale."

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, ila nani angejua. Kila mtu alikuwa anailinda divai. Badri hakuigusa wiki zote sita, hata tone, na aliwaonyesha watu kiganja chake kilivyofunika glasi kama askari anayeonyesha nishani. Badala yake alimiminiwa soda ya kijani. Akawekewa kuku wa mchuzi wa jozi, mkate wa jibini unaochuruzika siagi, nyama ya nguruwe ya kukaanga na vitunguu.

Nguruwe mwenyewe alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa auzwe kwa fedha, lari mia tisa, ziwe kodi ya chumba Tbilisi karibu na hospitali. Shorena alimkumbusha mama mkwe wake jikoni, kwa sauti ya chini.

"Mama, si tulisema nguruwe ni wa chumba?"

"Mtu anampa mjukuu wangu ini, na mimi nimpe maharage?"

"Sijasema maharage. Nasema chumba."

"Chumba Mungu atatoa," alisema Lamzira. "Shika kisu."

*

Kila siku alikuja mtu. Mwalimu mkuu mstaafu alileta jozi zilizopikwa na asali. Mke wa padri alileta bata mzinga na msalaba mdogo. Wenzake Malkhazi wa kiwandani, wale wale waliowahi kumtania kwamba kaka yake ni pipa la nne la chumba cha chini, walileta kondoo mzima na wakasubiri aliwe. Wote walikuja kumwona Badri, na Badri aliwapokea akiwa amevaa shati la harusi yake.

Tusimcheke sana. Hakuwa mlafi. Ukimtazama vizuri ungeona kwamba vipande vya mwisho alivimeza kwa shida, jasho likimtoka kipajini. Lakini mtu aliyekaa mlangoni maisha yake yote, siku anapoombwa na mke wa padri aonje kidogo tu, atasemaje ameshiba?

Na mtoto alimpenda. Asubuhi alimbeba Tekle begani, akazunguka naye uani akimwonyesha kuku. "Yule ni Marusia. Yule ni baba yako mkubwa, asiyefanya kazi. La, huyo ni mimi." Tekle alimshika masharubu kwa vile vifuko vyake vya kitambaa na kuvuta. "Vuta, mama," alisema Badri. "Chukua masharubu, chukua ini, niachie kofia."

Shorena aliwatazama dirishani. Wiki ya tatu aliona kwamba shati la harusi halifungiki vifungo viwili. Wiki ya nne, vitatu. Alimwambia mumewe.

"Mwambie kaka yako."

"Nimwambie nini? Acha kula?" Malkhazi alikuwa akivaa buti za zamu. "Mimi? Mwenye ini la makovu? Nimwambie mtu anayenifanyia kazi yangu ya ubaba kwamba anakula sana kwangu?"

"Basi mama amwambie."

"Mama ndiye anayepakua."

Basi siku ile ile, mchana, mezani wakiwa na wageni wanne, Shorena alijaribu mwenyewe. Alipokuwa akipita kukusanya vyombo alichukua sahani ya mkate wa jibini iliyokuwa mbele ya Badri, imebaki vipande viwili, akaielekeza jikoni.

"Shorena," alisema Lamzira. "Unapeleka wapi hiyo?"

"Jikoni, mama."

"Amemaliza?"

Mke wa padri alitazama kitambaa cha meza. Lamzira alitabasamu tabasamu la kuwaomba wageni radhi. "Mkamwana wangu ana mawazo, mumsamehe. Katika nyumba hii, tangu enzi za baba mkwe wangu, hakuna aliyewahi kuhesabu matonge ya mtu. Hata miaka ile isiyokuwa na umeme na tulikula unga wa msaada, hatukuhesabu."

Badri alikuwa ameshika uma hewani. Akaushusha. Uso wake ulirudi ghafla kuwa ule wa zamani, wa mtu wa mlangoni.

"Shorena," alisema taratibu. "Kama nakula sana, sema tu. Mimi si mgeni. Nimezoea kuambiwa."

Macho manane ya wageni, na ya mama mkwe, na yale ya Badri, mekundu kidogo. Na mtu huyu baada ya siku kumi na tisa alikuwa alale kwenye meza ya kupasuliwa kwa ajili ya mwanawe. Akikasirika? Akiondoka? Ini ni lake, hakuna sheria ya kumlazimisha. Daktari Inga alilisema hilo mara mbili. Shorena alirudisha sahani mahali pake. Akaona kwamba vipande vimepoa, akaenda jikoni akaleta mkate mwingine, wa moto, aliouoka kwa mikono yake asubuhi, akamkatia kipande kikubwa.

"Hapana, shemeji," alisema. "Nilitaka kukuletea wa moto. Kula, shemeji."

Akala.

*

Mizani ya hospitali ilisema kilo tisini na tano. Mara ya kwanza ilikuwa imesema themanini na nne.

Walikaa tena katika kile chumba, viti vile vile. Tekle alikuwa amelala kifuani mwa mama yake, akipumua kwa mdomo. Maambukizi ya kifua yalikuwa yameisha. Kwa upande wa mtoto kila kitu kilifanywa kama ilivyoagizwa. Daktari Inga aliingia na karatasi, akavua miwani.

"Asilimia thelathini na moja," alisema.

Hakuna aliyeuliza ya nini.

"Divai sijagusa," alisema Badri. "Daktari, naapa. Uliza mtaa mzima."

"Najua hukugusa. Damu inaonyesha. Nilisema na lingine."

"Daktari, tulimtunza kama bwana harusi," alisema Lamzira.

"Naona, mama."

Malkhazi alisimama. "Mpasue hivyo hivyo. Kuna shida gani? Ni ini, linakua. Kata sehemu isiyo na mafuta."

"Hakuna sehemu isiyo na mafuta, Malkhazi. Nikilikata lilivyo, huenda lisifanye kazi kwa mtoto, na huyu huenda asiamke. Nitakuwa na maiti wawili. Kaa."

"Asiamke, sawa," alisema Badri. "Mimi nakubali. Niandike wapi?"

"Kwangu hutaandika hilo," alisema Daktari Inga, si kwa ukali. Aliwaeleza: achemshiwe mboga, atembee, asiguse sukari, mafuta wala unga, mafuta ya ini hushuka haraka kuliko ya tumbo. Wiki sita, pengine saba. Arudi apimwe.

"Na yeye?" aliuliza Shorena. "Ana wiki sita?"

Daktari Inga alivaa miwani yake tena, akaangalia faili alilokwisha kuliangalia. "Tutajitahidi," alisema.

Kwenye korido Lamzira alitoa mkobani kifurushi cha karatasi, kwa mazoea tu, mkono ukifanya kazi bila kichwa. Kilikuwa mkate wa jibini wa safari. Akaushika tu. Halafu akautia kwenye pipa la taka la hospitali, na huyu mama hakuwa amewahi kutupa mkate maisha yake yote, na watu wawili waliokuwa wakingoja walimtazama vibaya.

Tekle alilazwa. Chumba cha kupanga karibu na hospitali hakikuwepo, kwa sababu nguruwe hakuwepo. Shorena alilala kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda majuma matano, na asubuhi muuguzi wa zamu alimwomba akikunje mapema ili madaktari wasikione.

*

Badri akaacha kula kama mtu anayelipiza kisasi. Nafaka ya buckwheat ya kuchemsha bila chumvi, kabichi, maji. Alfajiri alifuata njia ya reli mpaka kituo cha pili na kurudi kwa miguu, na mchana akarudia. Wafanyakazi wa treni wakamzoea, wakampigia honi.

Lakini mtaa ulikuwa bado unaleta. Habari za Tbilisi ziliwafikia, wakasikitika, na wakisikitika hupika. Jumberi alikuja na sufuria ya maharage yenye nyama ya kuvuta moshi.

"Kidogo tu, Badri. Umekonda, mdogo wangu. Utaanguka njiani."

Badri alichukua sufuria, akashukuru, akaenda nayo uani akawamwagia kuku, mbele yake.

"Mke wangu amesimama jikoni tangu saa kumi na mbili asubuhi," alisema Jumberi.

"Mwambie Marusia amesema ni tamu," alijibu Badri, akamrudishia sufuria.

Jumberi hakuja tena. Mke wa padri naye alisikia, hakuja. Mtaani ikasemwa kwamba Badri amepata kiburi. Ini halijatoka na kichwa kimekwisha kuvimba. Mwezi mmoja tu uliopita walikuwa wakilia kwa heshima yake.

Jioni alimpigia Shorena simu kila siku. "Kilo themanini na tisa." "Themanini na sita." Shorena alijibu "Sawa, shemeji," kisha akamwambia na yeye ya kwake: mtoto ametapika damu, mtoto hajafungua macho leo, mtoto amefungua, amecheka na muuguzi.

"Themanini na tatu," alisema Badri siku ya Jumanne ya wiki ya tano. "Kipimo ni Jumamosi wiki ijayo, nimeomba wanisogezee iwe Jumatatu. Shorena? Unanisikia? Themanini na tatu."

"Nakusikia," alisema Shorena. "Ameondoka, shemeji. Saa nane na nusu mchana huu. Mwambie Malkhazi. Mimi siwezi kumpigia yeye."

*

Siku ya arobaini ni lazima meza iandaliwe. Hilo nalo ni desturi, na hakuna aliyeuliza kama kuna anayeitaka. Jumberi aliongoza, kwa sababu ugomvi hauvuki matanga. Samaki, wali wa uyoga, kuku wa mchuzi wa jozi, mkate wa jibini. Watu walikuwa kumi na wanane au zaidi kidogo, wengi ni wale wale.

Badri alikuwa amerudi kwenye kiti chake cha mlangoni na ndiye aliyekuwa akileta mkate. Shati la harusi lilimning'inia kama limetundikwa kwenye mti. Alikuwa na kilo sabini na mbili. Baada ya maziko hakuna aliyemwambia aendelee, wala hakuna aliyemwambia aache. Aliendelea na kabichi yake na njia yake ya reli, na Jumatatu ile aliyoiombea kipimo alikuwa ameenda Tbilisi peke yake, akapimwa.

Glasi ya kumkumbuka mtoto iliponyanyuliwa, kila mtu alinyamaza. Badri alitoa karatasi mfuko wa shati. Shorena alikuwa anapita nyuma yake na sinia.

"Nilitaka uione," alisema kwa sauti ya chini, lakini meza ilikuwa kimya na wote wakasikia. "Daktari Inga aliandika mwenyewe. Sikumwomba."

Shorena aliweka sinia chini, akaisoma. *Mafuta: asilimia sita. Ini ni zuri.* Chini yake kulikuwa na mhuri wa duara, wa rangi ya buluu, umegongwa vizuri, haujapinda.

Aliikunja mara mbili, kama zinavyokunjwa karatasi za hospitali, akamrudishia mfukoni mwake mwenyewe na kumpigapiga kidogo kifuani ili ikae. Halafu akachukua mkate wa jibini kwenye sinia, wa moto, akakata kipande, akamwekea.

"Kula, shemeji," alisema.

Badri alimtazama. Akala. Siagi ilimchuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono na hakuifuta. Shorena akamkatia cha pili. Akala. Cha tatu. Malkhazi aliinuka, akatoka nje, akausukuma mlango nyuma yake ukagonga kiti cha kaka yake. Jumberi alikuwa bado amesimama na glasi, maneno yote yamemwisha, na ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona hivyo. Cha nne. Cha tano Badri alikitafuna muda mrefu, machozi yakishuka kwenye masharubu, tumbo lililozoea kabichi likimpinda, wala hakusogeza sahani.

"Bado wa moto," alisema Shorena.

Mke wa padri alimgusa Lamzira kiwiko, amzuie mkamwana wake. Lamzira aliikunja mikono mapajani, macho ameyakaza kwenye sahani ya mwanawe, na midomo yake, midomo ya mwalimu wa hesabu, ilikuwa inatembea polepole bila sauti. Sita. Saba.